Delta iliyokufa Mirihi na delta iliyo hai Tana

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali ya hekima, nayo imewaokoa wengi waliokuwa tayari kuupuuza uvumi. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo methali hiyo haijaliweza hata kidogo. Jambo lenyewe ni swali la iwapo kuna uhai mahali pengine popote nje ya dunia yetu hii. Limesemwa tangu zama za kale, limetungiwa vitabu na filamu, na wakubwa wa mataifa wamelitolea matangazo. Hadi leo hakijapatikana kiumbe hata kimoja, japo kidogo kiasi gani, ambacho wataalamu wamekubaliana kuwa kilizaliwa kwingine.

Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini nalishughulikia jambo la mbinguni ilhali ya duniani hayajatushinda kwa uchache. Namwomba subira. Nia yangu ni kuonyesha kwamba utafutaji wa asili ya uhai, na wa uhai ulio nje ya dunia, si habari ya mbali kama tunavyodhani. Sehemu yake imefanyika na inaendelea kufanyika katika mambo tunayoyapita kila siku baina ya Malindi na Garsen. Isitoshe, somo kubwa linalotokana na utafutaji huo halihusu sayari nyingine. Linauhusu Mto Tana.

Nimeipita njia hiyo mara nyingi. Anayetoka Malindi kuelekea Garsen, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, hufika kwanza Gongoni, ambako njia ya upande wa kulia humpeleka Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Huko, akitupa macho baharini, huona majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu mirefu. Akirudi barabarani na kuendelea kaskazini kupitia Marereni, hukutana na mabwawa ya chumvi yaliyotandazwa ufukoni, na marundo meupe yanayong'aa kwenye jua. Kisha ardhi huwa tambarare na tope, mifugo huongezeka, mashamba ya mpunga na miembe hujitokeza, na hapo huwa ameingia katika delta ya Tana. Kwa msafiri hayo ni mambo matatu yasiyojuana: chuma, chumvi na tope. Kwa mtu anayechunguza uhai ulianzaje, mambo hayo matatu ni ya ukoo mmoja.

Nianze na chuma cha Ngomeni. Majukwaa yale ni mabaki ya kituo cha San Marco, kilichoanzishwa na Waitaliano chini ya mhandisi Luigi Broglio. Walilichagua eneo lile kwa sababu liko karibu na ikweta, mahali ambapo dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi na hivyo kuipa roketi msukumo wa bure. Kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi kadhaa zilirushwa kutoka pale. Iliyo mashuhuri kuliko zote ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ikibeba setilaiti ya Marekani ambayo kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Je, mionzi ya eksirei ina uhusiano gani na uhai? Uhusiano upo. Miongoni mwa vitu ambavyo Uhuru iliviona ni mabaki ya nyota zilizokufa kwa kulipuka. Nyota kama hizo ndizo tanuri zilizopika sehemu kubwa ya mata tuliyoumbwa nayo. Oksijeni tunayovuta, kalisi iliyomo mifupani na chuma kilichomo katika damu havikuwepo ulimwengu ulipoanza. Vilifuliwa ndani ya nyota, vikatawanywa zilipolipuka, na hatimaye vikakusanyika katika jua letu na sayari zake miaka bilioni 4.5 iliyopita. Basi mtoto wa Ngomeni anayeumwa na upungufu wa damu, akapewa dawa ya madini ya chuma, anapewa kitu kilichotoka katika nyota, na setilaiti iliyotusaidia kuzifahamu nyota za namna hiyo ilirushwa karibu na mlango wa nyumba yao. Ni wangapi kati ya walimu wetu wamewahi kumwambia mtoto huyo habari hiyo?

Nasema hivi kwa sababu tumezoea kuyahesabu mambo haya kuwa ya wenyewe. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili viitwavyo Voyager, na ndani ya kila kimoja wakatia sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia, ili ikiwa kuna mwenye masikio huko aendako apate salamu zetu. Lugha 55 zilitiwa humo. Kiganda kimo. Wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, umo pia. Kiswahili hakimo. Vyombo hivyo sasa vimekwisha kutoka katika eneo la upepo wa jua letu, na havirudi. Hatuwezi kuiongeza salamu yetu, lakini twaweza kuhakikisha kwamba mazungumzo yenyewe yanafanyika katika lugha yetu.

Sasa tuje kwenye chumvi. Kazi ifanyikayo katika mabwawa yale ya kando ya bahari ni rahisi kuieleza: maji ya bahari huingizwa, jua huyakausha kidogo kidogo, na kilichokuwa kimeyeyuka hubaki kikiwa kizito zaidi hadi kinapoganda. Swali la asili ya uhai linahusu hasa jambo hilo la kukausha na kuzidisha uzito. Mata zinazohitajika kwa uhai zikitawanyika baharini haziwezi kukutana. Zikikusanywa katika dimbwi linalokauka, hukutana na kushikana. Charles Darwin mwenyewe, katika barua aliyoiandika mwaka 1871, alikisia kuwa uhai ulianza katika dimbwi dogo lenye joto.

Kisio hilo lilianza kupimwa kwa vitendo mwaka 1953, wakati mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Stanley Miller, chini ya mwalimu wake Harold Urey, alipotia maji na gesi katika chupa na kuzipitishia cheche za umeme mfano wa radi. Baada ya siku chache maji yaligeuka rangi, na ndani yake zikapatikana asidi za amino, yaani matofali yanayojenga protini. Kisha tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kilianguka Murchison, Australia, nacho kikakutwa na asidi za aina hiyo kwa wingi. Ikadhihirika kwamba matofali ya uhai hutengenezwa hata angani, bila ya kiumbe chochote kuhusika.

Na sisi vimondo si wageni kwetu. Kilichoanguka Rumuruti, hapa Kenya, mwaka 1934, kilikuwa cha aina yake hata jamii nzima ya vimondo ikapewa jina la mji huo. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe yaliunyeshea mji wa Mbale, Uganda, na kipande kidogo kikamgonga mvulana mmoja kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Mvulana hakuumia.

Lakini habari iliyonifanya niweke gazeti chini na kutafakari ilitoka mwezi Januari 2025. Kabla ya hapo, tarehe 24 Septemba 2023, chombo cha Marekani kilikuwa kimeangusha jangwani kifurushi cha changarawe kilichochukuliwa kutoka Bennu, jiwe kubwa linalolizunguka jua. Changarawe zenyewe zilikuwa na uzito wa gramu 121 hivi, kiasi cha kujaa kiganjani. Katika kiganja hicho watafiti walikuta asidi 14 kati ya asidi 20 za amino zinazotumiwa na viumbe wa dunia, pamoja na herufi zote tano zinazoandika maumbile ya kurithi. Zaidi ya hayo, walikuta chumvi zilizobaki baada ya maji ya kale kukauka, na moja ya chumvi hizo ni ile ile ambayo mama zetu huitia katika maharagwe na kunde ili ziive upesi. Ndiyo, msomaji, magadi. Magadi ya aina ile inayochimbwa katika Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, yamekutwa katika jiwe la angani lenye umri sawa na wa jua na sayari zake.

Si jambo la sadfa tu. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walieleza kwamba maziwa ya magadi huenda ndiyo yaliyolitatua fumbo kubwa la fosforasi. Mata hii ni ya lazima kwa kila kiumbe, lakini katika maji ya kawaida hushikwa na kalisi na kuzama isitumike. Katika maziwa ya magadi kalisi hutolewa na kaboneti, na fosforasi huachwa huru ikarundikana. Walilitaja Ziwa Magadi la Kenya kwa jina kuwa miongoni mwa mifano, na wakasema baadhi ya maziwa ya namna hiyo yana fosforasi mara 50,000 ya ile iliyomo katika bahari na mito. Mwaka 2023 fosfeti iligunduliwa pia katika chembe za barafu zirushwazo na Enceladus, mwezi mdogo wa sayari ya Zohali, ambao chini ya barafu yake kuna bahari yenye magadi.

Hapa lazima nitie breki. Kuwa na mchele, nazi na chumvi si kuwa na wali. Hadi leo hakuna maabara iliyoweza kuziweka mata hizo pamoja na kumtoa kiumbe aliye hai, anayekula, anayekua na kuzaa. Tunajua vitu vinavyohitajika, lakini hatumjui mpishi wala hatujaushuhudia upishi. Mwanasayansi mkweli hukiri hivyo, na mtu akikuambia kwamba swali hilo limekwisha, mwulize wali uko wapi.

Limebaki tope, na hapa ndipo hadithi inapofika Garsen. Tarehe 18 Februari 2021 gari la Marekani liitwalo Perseverance, lililogharimu dola bilioni 2.7 hivi, lilitua katika sayari ya Mirihi. Sayari hiyo ina milima, mabonde na tambarare zisizo na idadi, na watafiti walibishana kwa miaka mingi kabla ya kuchagua mahali pa kutua. Hatimaye walichagua nini? Walichagua delta. Katika shimo kubwa liitwalo Jezero, lenye upana wa kilomita 45, mto uliingia ziwani zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita na kutandaza tope lake kama kiganja kilichofunguliwa, vile vile Tana inavyofanya kabla ya kuingia baharini Kipini. Walilichagua tope kwa sababu mto huzoa kila kitu njiani, na delta hukilaza na kukifunika polepole. Kama kuliwahi kuwa na uhai Mirihi, pahali pa kuukuta kaburini ni pale.

Mwezi Julai 2024 gari hilo lilitoboa jiwe la tope gumu katika bonde la mto ulioingia Jezero. Jiwe hilo lilikuwa na madoa mfano wa ngozi ya chui. Mwezi Septemba 2025 watafiti walichapisha matokeo yao: katika madoa hayo kuna madini ya chuma yaitwayo vivianiti na greigiti, yakiwa pamoja na mata za kaboni. Hapa duniani madini hayo aghalabu hutokea katika tope lisilo na hewa, ambamo bakteria hula mabaki ya mimea na kuvuta chuma na salfa badala ya oksijeni. Anayevua kaa katika mikoko ya Kipini anaifahamu kazi ya bakteria hao bila ya kufundishwa. Akikanyaga tope jeusi, likatoa harufu ya yai viza, huwa amewafikia.

Watafiti hawakusema wamepata uhai. Walisema wamepata alama ambayo huenda iliachwa na uhai, na kwamba huenda pia kemia isiyo na uhai iliweza kuifanya. Sampuli yenyewe bado iko Mirihi. Nawapongeza kwa tahadhari hiyo, kwani historia imewafunza. Mwaka 1976 vyombo vya Viking vilipima udongo wa Mirihi, matokeo yakatatanisha, na wengi wakahitimisha kuwa ilikuwa kemia tu. Tarehe 7 Agosti 1996 Rais Bill Clinton alisimama mbele ya waandishi kuzungumzia kimondo cha Mirihi kilichodhaniwa kuwa na visukuku vya bakteria. Leo ni wachache wanaoshikilia dai hilo. Mwezi Aprili 2025 kundi moja lilidai kuwa limeona, katika hewa ya sayari K2-18b iliyo umbali wa miaka 124 ya mwendo wa nuru, dalili ya gesi ambayo duniani hutolewa na viumbe wa baharini. Wenzao walizichambua takwimu zile zile na kusema ushahidi hautoshi. Katika sayansi, lisemwalo halipo mpaka lionekane, na likishaonekana na mmoja sharti lionwe na wengine.

Tuhesabu basi. Tangu mwaka 1995, ilipopatikana sayari ya kwanza inayolizunguka jua linalofanana na letu, sayari zilizothibitishwa nje ya familia ya jua letu zimepita 6,000. Mirihi imetembelewa na vyombo vingi. Vimondo vimesagwa na kupimwa. Matofali ya uhai yamekutwa karibu kila yalikotafutwa, lakini uhai wenyewe unajulikana mahali pamoja tu. Huenda kesho ukapatikana kwingine, na mimi nitafurahi kama mwingine yeyote. Lakini uamuzi wa mtu mwenye busara hutegemea anachokijua leo, na tunachokijua leo ni kwamba vitu vya kutengenezea uhai ni rahisi kama changarawe, na uhai wenyewe ni adimu kupita kipimo.

Mwaka ule ule wa 1976 ambao Viking ilitua Mirihi, serikali ya Kenya ilitangaza hifadhi ya nyani wa Mto Tana, kaskazini mwa Garsen. Humo, katika vipande vya msitu vilivyoushika mto kwa urefu wa kilomita 60 hivi, wanaishi wanyama wawili wasiopatikana penginepo: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Tumezoea kusema hawapatikani kwingine duniani. Baada ya yote niliyoyaeleza, kauli hiyo ni ndogo mno. Kwa ujuzi tulio nao, hawapatikani kwingine katika ulimwengu wote. Iwapo chombo cha Mirihi kingeona bakteria mmoja aliye hai, magazeti yote ya dunia yangeitangaza habari hiyo kwa herufi kubwa. Mbega huyu ana uso, ana mama, ana sauti, na wote wawili wamo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Sijaiona habari yao katika ukurasa wa kwanza.

Misitu yao inategemea mafuriko ya mto. Tana huanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya na kusafiri kilomita 1,000 hivi, na kwa karne nyingi ilifurika, ikamwaga rutuba, ikajaza visima na kuotesha miche. Kuanzia bwawa la Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, maji hayo yamekuwa yakizuiwa juu ili tupate umeme. Sisemi umeme ni dhambi, kwani hata makala haya yameandikwa kwa taa. Nasema kila kitu kina gharama, na gharama hii imelipwa na watu wa chini. Huko Ozi, karibu na mlango wa mto, wakulima wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mto umedhoofika, bahari inapanda, na maji ya chumvi yanaua mpunga na miembe yao. Tena kuna mpango wa bwawa la High Grand Falls ambao umezungumzwa kwa miaka mingi.

Ardhi nayo imetupiwa macho. Karibu na mwaka 2008 na baadaye ilipangwa miradi ya miwa na ya mbegu za mafuta juu ya maelfu ya hekta za delta, kana kwamba hapakuwa na watu. Mwaka 2012 delta ilitambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar kuwa eneo chepechepe lenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka huo huo, kuanzia Agosti hadi mwanzo wa mwaka 2013, Wapokomo na Waorma waliuana, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sababu zilikuwa nyingi, siasa ikiwemo, lakini mzizi mmojawapo ulikuwa ugomvi wa kale wa mkulima na mfugaji juu ya maji na njia za kuyafikia. Mwezi Februari 2013 Mahakama Kuu iliamua kuwa mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itengenezwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Je, umetekelezwa kwa roho yake, au umebaki kwenye majalada?

Natambua kuna pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba mwenye njaa hana haja ya nyota. Nawajibu kwamba sijamwomba mwananchi wa Tana River agharamie roketi. Ninachosema ni kwamba wenzetu waliogharamia roketi wametuletea jibu, na jibu lenyewe linautetea mto wake. Mwenye kutaka kumshawishi waziri asiuzibe mto anaweza kutaja samaki, mpunga na malisho, na sasa anaweza pia kusema kwamba mataifa tajiri yanatumia mabilioni kuchokoa tope la delta iliyokufa, ilhali sisi tunaiacha iliyo hai ife bure.

Pingamizi ya pili ni ya dini. Wako wanaoona kwamba kuchunguza asili ya uhai ni kuingilia kazi ya Muumba. Mimi sioni ugomvi hapo. Misikitini na makanisani tunafundishwa kuwa binadamu ametokana na udongo, na mwanasayansi anapouangalia udongo kwa makini haongezi dharau, anaongeza mshangao. Linalonishangaza ni kuona mtu akiitetea heshima ya Muumba kwa maneno, kisha akanyamaza wakati alivyoviumba vinapokaushwa.

Niliwahi kulizungumza jambo hili pale Garsen na mzee mmoja mfugaji wa Kiorma, mtu aliyeinywesha mifugo yake kwenye malka za mto huo tangu utotoni. Nilimweleza kwamba huko Mirihi umeonekana mto na delta yake, na kwamba vimekauka.

"Nani aliyeukausha?" aliniuliza.

"Hakuna mtu, mzee wangu," nikamjibu. "Sayari yenyewe ilipoteza hewa yake, ikapoa, na maji yakatoweka."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mwanangu, wa huko hawana wa kumlaumu."

Sijasikia katika mihadhara ya wataalamu kauli iliyolifupisha jambo hili kuliko hiyo. Mirihi ilikauka kwa maumbile yake. Tana ikikauka, majina ya waliohusika yatajulikana, kwani yatakuwa katika mikataba, vibali na kumbukumbu za mikutano.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, na si ya gharama kubwa. Kwanza, kabla ya bwawa jingine lolote kujengwa juu ya Tana, sharti iandikwe katika mkataba wenyewe ni kiasi gani cha maji kitakachoachiliwa kishuke, na katika miezi gani, ili mto uendelee kufurika japo kwa kiasi na kuisukuma nyuma chumvi ya bahari. Pili, uamuzi wa mahakama wa mwaka 2013 usomwe upya katika mabaraza ya Garsen, Tarasaa na Kipini, kwa lugha wanayoielewa Wapokomo, Waorma, Wawardei na wengineo, na kila mradi upimwe kwa uamuzi huo. Malka za mfugaji na shamba la mkulima ziwekwe kwenye ramani kabla ya vita vingine, si baada yake.

Tatu, shule za sekondari za eneo hilo zipatiwe hadubini, japo moja kila shule. Mwalimu atawapeleka wanafunzi kuchota tope la mikoko, na tone la maji ya bwawa la chumvi, na kidonge cha magadi kutoka jikoni. Katika tone watawaona viumbe wanaostahimili chumvi ambayo ingemuua samaki. Tope litawapa harufu ya bakteria ambao jamaa zao wanatafutwa Mirihi. Kwenye magadi watajifunza kemia iliyokutwa katika jiwe la Bennu. Kijana aliyefundishwa hivyo atajua kwamba alikozaliwa si pembeni mwa dunia, na siku moja huenda akawa yeye ndiye atakayetuambia uhai ulianzaje.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tumeambiwa na bado hatujatazama. Watafutaji wa uhai wamekwenda mbali kuliko alivyopata kwenda binadamu yeyote, na kila walichokileta kinaelekeza kidole hapa tulipo. Wizara, serikali ya kaunti na sisi wananchi tusingoje mpaka delta ya Tana iwe kama ile ya Jezero, mahali pa kuchimbua ili kujua zamani kulikuwa na nini.